Milango ya mabomba kwa gari la 4x4: bomba lipi, bawaba ipi, kitasa kipi

Mtu anayekwenda kwa mafundi wa Katwe, Kampala, kutaka milango ya mabomba, yaani fremu ya bomba lililokunjwa inayowekwa badala ya mlango wa gari, huanza na bomba: inchi ngapi, geji (unene wa ukuta) ngapi, bei gani. Fundi naye humjibu hapo hapo, kwa kuwa bomba ndilo linaloonekana. Lakini milango hii ikishindwa kazi, ni nadra bomba lenyewe kuvunjika. Kinachokufa ni bawaba iliyong'oa bati la nguzo ya bodi iliyo kando ya mlango, au kitasa kilichoachia gari lilipojipinda mtaroni. Ndiyo maana humu bomba limepewa nafasi yake, na bawaba na kitasa pia zake.

Mabomba, mlango uliokatwa, au mlango wake wa asili?

Mlango wa mabomba una faida tatu. Unaona gurudumu la mbele na ukingo wa njia bila kutoa kichwa dirishani. Unaingia na kutoka haraka gari likikwama. Na mlango wa asili unabaki nyumbani bila kukwaruzwa na vichaka. Basi. Haulindi mtu akigongwa ubavuni. Milango mingi ya kiwandani ya miaka ya karibuni ina chuma kinene kilicholazwa ndani kwa kazi hiyo, na bomba la inchi moja halichukui nafasi yake hata lichomelewe vizuri namna gani. Kazi ya mlango wa mabomba ni kuzuia mguu, mkono au begi lisitoke nje, huku mkanda ukimshika mtu. Asiyefunga mkanda asitegemee bomba.

Kwa hali ya Uganda, ichukulie kuwa milango ya kuvaa na kuvua, si ya kudumu. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba mvua inaingia moja kwa moja kwenye viti, na miezi mingine vumbi jekundu linafanya kazi hiyohiyo. Safari ndefu ya lami kwenda Mbarara au Gulu, ukipishana na malori, ni ya milango ya kiwandani. Hifadhini ndiyo kabisa: Queen Elizabeth, Murchison Falls na Kidepo kuna simba, na Murchison kuna mbung'o ambao hata dirisha likiachwa wazi kidogo tu wanajaa ndani ya gari. Kabla ya kutembea nayo barabara za umma, muulize mkaguzi wa magari wa polisi, na uangalie bima yako inasemaje kuhusu gari lililobadilishwa. Ukitaka kuingia nayo kwenye mashindano, kanuni za waandaaji zisomwe kabla ya kununua bomba.

Mshindani wa mabomba ambaye watu humsahau ni mlango chakavu uliokatwa nusu. Unatafuta mlango wa gari la aina yako kwa wauza vipuri wa Kisekka au Ndeeba, Kampala, ule uliovunjika kioo na kupinda fremu ya juu, maana huo bei yake ni ndogo. Unauondoa kioo na mashine yake, unakata sentimita mbili hivi juu ya mstari wa kitasa, kisha unaufunga ukingo wa juu kwa bomba au ubapa wa chuma wa 25 × 3 mm. Bawaba na kitasa vimeshakaa mahali pake, nafasi kati ya mlango na nguzo iko sawa tangu kiwandani, na mpira wa kuzuia maji unafika hadi kiunoni. Ubaya wake ni uzito, na kwamba hauoni chini kama kwenye mabomba. Kama unachotafuta ni upepo na mahali pa kuweka kiwiko tu, huu unashinda mabomba, na kazi yake ni ya siku moja. Usiukate mlango wako pekee. Mvua ya kwanza itakukumbusha.

Aliyebaki na nia ya mabomba aendelee.

Bomba lipi

Chukua mfano wa tundu la mlango lenye upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 60 kutoka kizingitini hadi kiunoni. Mzunguko ni mita 3, bomba la mshazari ni mita 1.1, na vipande vya kushikia kitasa na mpini ni kama sentimita 40. Jumla mita 4.5 kwa mlango mmoja. Mabomba huuzwa kwa urefu wa mita 6 au pungufu kidogo, kwa hiyo bomba moja ni mlango mmoja, na kipande kinachobaki ni cha kujaribia mkunjo na moto wa mashine. Kwa milango miwili, anayekunja kwa mara ya kwanza anunue na bomba la tatu.

| Bomba | Nje × unene wa ukuta | Kilo kwa mita | Kilo kwa mlango |
|---|---|---|---|
| La fanicha, inchi 1, geji 16 | 25.4 × 1.5 mm | 0.88 | 4.0 |
| La fanicha, inchi 1, geji 14 | 25.4 × 2.0 mm | 1.15 | 5.2 |
| La fanicha, inchi 1 na robo, geji 16 | 31.8 × 1.5 mm | 1.12 | 5.0 |
| La mraba | 25 × 25 × 1.5 mm | 1.1 | 5.0 |
| La maji, robo tatu | 26.9 × 2.6 mm | 1.56 | 7.0 |
| La maji, inchi 1 | 33.7 × 3.2 mm | 2.41 | 10.8 |

Angalia mistari ya pili na ya tatu. Uzito unakaribiana, lakini bomba la inchi moja na robo linakataa kupinda kwa zaidi ya mara moja na nusu ya lile la inchi moja, kwa sababu ugumu wa bomba unaongezwa zaidi na kipenyo kuliko unene. Ingekuwa hesabu tupu, jibu lingekuwa hilo. Karakana haina hesabu tupu. Ukuta wa milimita 1.5 hutoboka upesi kwa mashine ya kuchomelea ya vijiti mikononi mwa mtu asiyetulia, na si kila mwenye mashine ya kukunja ana kalibu, yaani umbo la kulishika bomba likikunjwa, ya inchi moja na robo. Kwa hiyo: mwenye mashine ya kuchomelea kwa waya achukue inchi moja na robo geji 16, mwenye mashine ya vijiti achukue inchi moja geji 14. Geji 18 ya viti vya sherehe, yenye ukuta wa milimita 1.2, iache kwenye viti.

Geji inayotajwa dukani na geji iliyo kwenye bomba si kitu kimoja kila mara. Bomba likiwa limekatwa mwisho, pima ukuta kwa venia, kipimo cha kubana kinachosoma unene. Usipokuwa nayo, tumia mizani, hata ile ya kuning'iniza inayopimia kahawa: bomba la inchi moja la mita 6 lenye geji 14 ya kweli lina karibu kilo 6.9, la geji 16 kilo 5.3, la geji 18 kilo 4.3. Tofauti hiyo haifichiki.

Bomba la maji linapendwa mikoani kwa sababu duka la vifaa vya ujenzi halikosi. Ni gumu, linachomeleka bila kutoboka, na mashine ya fundi bomba inalikunja vizuri. Lina matatizo mawili. Kwanza ni majina: inchi za bomba la maji zinasoma tundu, za fanicha zinasoma nje, kwa hiyo "inchi moja" ya duka hili si ya duka lile, na kalibu ya moja haikai kwenye jingine. Pili ni zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 hivi, chini sana ya joto la kuyeyusha chuma, kwa hiyo ukichomelea juu yake unapata moshi mweupe, tundutundu ndani ya ungio, na jioni homa na kutetemeka ambavyo wengi huvidhania malaria. Maziwa hayazuii, ijapokuwa karakana nyingi huyaamini. Kinachozuia ni kuisaga zinki kwa diski ya msasa sentimita 5 kila upande wa ungio, kuikwangua na ndani ya mdomo wa bomba pia, kisha kufanyia kazi nje, upepo ukikupiga ubavuni, si usoni.

La mraba ni la asiye na mashine ya kukunja. Unakata pembe za nyuzi 45, unaunga, umemaliza. Litaonekana kama geti la duka, na kona zake zitakugonga muundi wa mguu kila ukiruka nje, lakini ni mlango halali. Alumini tuipite haraka: inahitaji mashine ya kuchomelea ya aina nyingine na mkono uliozoea, na hata hivyo sehemu iliyopata moto hupoteza nguvu nyingi.

Kukunja: nani ana mashine?

Njia bora kuliko zote ni mashine ya kuzungushia, yenye kalibu inayolikumbatia bomba na kulivuta kwenye duara. Kwa bomba la inchi moja, duara la nusu kipenyo kisichopungua sentimita 8 hadi 10 linatoka safi. Huhitaji kuinunua. Tafuta wanaotengeneza vitanda vya ghorofa vya shule za bweni; hao hukunja mabomba ya fanicha siku nzima. Nenda na waya mnene wa futi kumi uliokwisha kuukunja kwa umbo la tundu la mlango wako, waigilize huo. Mchoro wa karatasi huleta ubishi, waya hauleti. Mwambie azidishe nyuzi 3 hadi 5 kwenye kila kona, maana bomba likiachiwa hurudi kidogo.

Mashine ya fundi bomba, ile ya jeki ya mafuta, imetengenezewa mabomba ya maji yenye ukuta mnene. Ukiliweka bomba la fanicha la 25.4 kwenye kalibu ya 26.9, kuna nafasi pembeni, na tumbo la mkunjo linabonyea. Mkunjo uliobonyea haurudi kuwa duara. Hapo ndipo bomba litavunjikia.

Mchanga na moto wa mkaa ni njia ya zamani inayofanya kazi, lakini ina sharti moja lisilo na mjadala: mchanga uwe mkavu kabisa. Ukaange kwenye karai hadi uache kutoa mvuke. Mchanga wenye unyevu ndani ya bomba lililozibwa ncha zote mbili ni bomu, na kizibo kikiruka kinaua. Jaza huku unagonga bomba hadi mchanga uache kushuka, ziba kwa vizibo vya mti, toboa kimoja tundu dogo la kutolea hewa, pasha sehemu ya mkunjo tu hadi iwe nyekundu ya wazi, kunja polepole kwa mara moja. Mshono wa bomba uwe ubavuni mwa mkunjo. Ukiwekwa nje au ndani ya kona unaweza kuchanika.

Kukata vipande vya pembe tatu upande wa ndani, kukunja na kuchomelea, ni kwa asiye na lolote kati ya hayo. Kila kona inakuwa na mishono mitatu au minne, na kila mshono ni mahali pa kupinda kwa joto na pa kuanzia kutu. Afadhali mraba.

Kuunga

Bomba la mshazari lisikatwe wima na kujaziwa chuma. Likatwe mdomo wa samaki ili likumbatie lile linalokutana nalo. Kwa mabomba mawili ya inchi moja yanayokutana kwa nyuzi 90, kina cha mdomo ni milimita 10 hadi 12. Mshazari unahitaji mdomo uliolala upande mmoja, na hapo karatasi iliyoviringishwa kwenye bomba na kuchorwa inasaidia kuliko macho. Grainda inatoa umbo, tupa ya duara inamalizia. Uwazi ukizidi unene wa ukuta wa bomba, rudia. Kujaza uwazi kwa kijiti ndiko kunakotoboa.

Kwa ukuta wa milimita 2, kijiti cha 2.5 mm aina ya 6013 kwenye ampea 60 hadi 80 kinatosha. Kwa 1.5, shuka kwenye kijiti cha 2.0 mm na ampea 40 hadi 60. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Kama kijiti kinanata jioni na asubuhi hakikunata, usilaumu mkono: umeme umeshuka, au waya wa kuongezea ni mrefu na mwembamba.

Shika kila ungio kwa nukta nne za kuchomelea, peleka fremu kwenye tundu la mlango, angalia, rekebisha kwa nyundo, ndipo uchomelee kamili. Ruka kutoka kona hadi kona ya mkabala, usizunguke kwa mfuatano, la sivyo fremu inajipinda kama bati lililoachwa juani. Kabla ya kufunga ungio la mwisho toboa tundu la milimita 4 sehemu ya chini kabisa. Lisipokuwepo, hewa iliyopashwa moto ndani itapuliza chuma kilichoyeyuka nje ya mshono wako wa mwisho. Baadaye tundu hilohilo litatoa maji ya mvua.

Nafasi kati ya fremu na gari: milimita 10 kila upande, na 12 hadi 15 upande wa bawaba.

Bawaba: hapa pesa isibanwe

Anza na hesabu moja. Mtu wa kilo 80 anayejiegemeza kwenye ncha ya mlango wa sentimita 90, bawaba zikiwa zimeachana sentimita 35, anaivuta bawaba ya juu kwa nguvu ya karibu kilo 205. Zikiachana sentimita 20 tu, inafika 360. Na watu watajiegemeza: kila anayetoka garini kwenye tope hushika mlango. Nguzo ya gari ni bati la milimita moja au chini yake.

Bawaba za asili, zilizotolewa kwenye mlango chakavu, zinashinda zote kwa sababu matundu yake ya bolti yana chuma kinene nyuma yake ndani ya nguzo. Unazifunga kwenye gari zilipokuwa, kisha upande wa mlango unachomelea bamba la milimita 4 kwenye fremu na kulifunga kwa bolti zilezile. Milango ya asili ikirudi, inarudi kwenye matundu yaleyale. Kwenye gari kama Land Rover Defender la zamani, ambalo bawaba zake ziko nje, kazi ni nyepesi. Ambapo bawaba zimejificha ndani ya nguzo itabidi bamba lipindwe kama herufi L ili fremu ikae nje ya mpira. Defender ina bati la alumini, kwa hiyo popote chuma chako kinapoligusa weka mpira au nailoni katikati, maana metali hizo mbili zikilowa pamoja alumini inaliwa.

Bawaba za risasi, zile za mageti zenye kichwa na mkia vinavyochomelewa, ni za bei ndogo na zinaruhusu mlango kunyanyuliwa na kutolewa bila spana. Chukua zenye pini ya milimita 16, si 12. Pini zote mbili zitazame juu, na moja ikatwe iwe fupi kwa milimita 10, ili unaporudisha mlango uingize moja kwanza, kisha nyingine. Zikiwa sawa utazihangaikia peke yako gizani. Hatari yake ni hiyohiyo faida yake: kinachonyanyuliwa kwa mkono hunyanyuliwa pia na shimo. Toboa ncha ya kila pini na upitishe pini ya kufungia, au wasa na nati ya nailoni. Usizichomelee kwenye nguzo moja kwa moja. Bati litatoboka, na zulia na waya ziko nyuma yake. Zichomelee kwenye bamba la milimita 4 mezani, kisha ulifunge kwa bolti za M8 kwenye matundu ya bawaba za asili. Kama ni lazima kuchomelea chochote kwenye gari lenyewe, toa waya wa betri kwanza na weka maji karibu.

Bawaba ya kujitengenezea, yaani bushi ya bomba dogo na bolti ya M12, inafaa kama tundu limetobolewa kwa drili ya kusimama na kuna mahali pa grisi. Ikitobolewa kwa mkono, inalegea upesi. Bawaba za milango ya nyumba hazifai kabisa.

Aina yoyote utakayochagua, bawaba mbili lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Zikipishana kwa milimita mbili tu, mlango utafunguka nusu na kugoma, na ukiulazimisha unapinda nguzo. Pitisha nondo moja iliyonyooka kwenye matundu ya bawaba zote mbili unapozishika kwa nukta; ndiyo kipimo kinachoaminika. Mhimili huo ukae nje kidogo ya uso wa fremu. Ukikaa ndani, ukingo wa mbele wa mlango utaingia kwenye nguzo kila ukifungua. Jaribu kwa kipande cha boksi gumu kabla ya kuwasha mashine.

Na bawaba zikae mbele. Mlango wenye bawaba nyuma, upepo ukiudaka gari likikimbia, haurudi.

Ongeza mkanda wa kuzuia, kipande cha mkanda wa gari au wa kufungia mizigo chenye urefu wa sentimita 35 hivi, kutoka kwenye fremu hadi kwenye nguzo. Bila huo, mlango utakwenda kugonga bati la juu ya gurudumu.

Kitasa

Kitasa cha asili cha kuzunguka, kilichotolewa kwenye mlango chakavu, ndicho cha kuchukua. Kinashika pini ileile ya chuma iliyoko kwenye nguzo ya nyuma, na kina meno mawili: la kwanza likiteleza, la pili linashika. Uliza muuzaji akupe na vijiti vyake, na hakikisha ni cha upande huohuo. Cha kushoto hakigeuzwi kuwa cha kulia. Vitasa vya kuzunguka vipya vya dukani, vinavyouzwa kwa milango ya malori na masanduku, vinafanya kazi sawa, lakini ulimi wake lazima uendane na kipenyo cha pini ya gari lako au ubadilishe vyote viwili.

Komeo la geti ni la bei ndogo na linaeleweka. Pia linapiga kelele njia nzima, na halina jino la pili: likiteleza sentimita moja mlango umefunguka. Kwa gari la shambani lisilozidi mwendo wa trekta, sawa, mradi liwe la springi na lenye tundu la pini. Mnyororo na ndoano si kitasa.

Kuweka kitasa cha asili: funga bamba la milimita 3 lenye matundu marefu, si ya duara, ili kisogezwe. Paka pini ya nguzo chaki, funga mlango polepole, angalia alama imekaa wapi mdomoni mwa kitasa. Iwe katikati. Ikikaa juu, mlango utajinyanyua kila ukifunga na bawaba zitalika. Kufungulia, kebo ya breki ya boda boda inatosha na haikosekani kituo chochote. Kosa la kawaida ni kuifunga kebo ya ndani na kuacha ganda lake likielea: unavuta, ganda linajikunja, kitasa hakisikii. Ganda lishikwe kwa nguvu ncha zote mbili. Mpini uwe ndani, mahali unapoufikia ukiwa umefunga mkanda, na uvutwe kuelekea juu au nyuma. Unaofunguka kwa kusukumwa chini utafunguliwa na goti.

Kuziba au kuacha wazi

Fremu tupu inaonyesha chini vizuri, na inaruhusu tope la gurudumu la mbele kuja usoni. Bati la milimita 1 lina kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Kuziba nusu ya chini ya mlango ni kama kilo 2, lakini huchezacheza na kupiga kelele lisipokunjwa ukingo. Washona maturubai ya malori wanaweza kukushonea kipande chenye matundu ya pete na kamba, cha kufunga mvua ikija na kuvua ikipita. Kwa nchi hii turubai ndilo chaguo la busara. Wavu wa chuma unapendeza kwenye picha na unashika matawi.

Mtoto akipanda gari hilo, nafasi kati ya bomba na bomba isiruhusu mguu wake kupita, au weka turubai muda wote.

Vilivyobaki, kwa kifupi

Vioo vya pembeni kwenye magari mengi viko mlangoni, na vinaondoka nao. Tengeneza mkono wa kioo kwenye nguzo ya mbele au kwenye bamba la bawaba ya juu, si kwenye fremu ya mlango, maana hapo kitatetemeka hadi usione kitu. Soketi za umeme za vioo na spika zifungwe mfuko na tepu. Swichi ya taa ya ndani iwekewe kofia, la sivyo betri inakufa usiku.

Rangi: osha mafuta kwa tina, piga rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha enameli mara mbili, nyembamba nyembamba. Rangi ya unga ya kuokwa hudumu zaidi, lakini ukitaka kuongeza bamba baadaye inakubidi uisage yote pale.

Usipake chochote kabla ya jaribio hili. Funga milango, panda gurudumu la mbele la kulia kwenye kichuguu na la nyuma la kushoto kwenye kingine, hadi gari lijipinde. Angalia nafasi za pembeni: fremu ikigusa nguzo, saga. Fungua na ufunge mlango hapo hapo. Rudia kwa magurudumu ya upande wa pili. Kwenye gari la zamani ambalo mipira ya kubebea bodi imekwisha, tundu la mlango hubadilika umbo kuliko unavyodhani, na kitasa kilichofunga vizuri kwenye sakafu ya karakana kinaachia. Hapo badilisha mipira kwanza, kisha usogeze kitasa, na urudi juu ya kichuguu.